Nimelelewa vizuri, sasa nitachana nini?

Swali: Mimi ni binti wa miaka 20, naishi Tabora. Baba ni mwalimu wa sekondari, mama ni muuguzi, na mimi na wadogo zangu tumekulia kwenye kota za shule. Naandika mistari ya rapu tangu kidato cha pili. Kila nikichana mbele ya wenzangu wananiambia, "Wewe mtoto wa kishua, hujapitia kitu, hip-hop ni ya waliosota." Je, ni kweli malezi ya rapa ndiyo yanayoamua atakachoandika? Na kama ni kweli, mimi niliyelelewa vizuri niandike nini?

Jibu: Mdogo wangu, wenzako wamesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli huwa inauma kuliko uongo mtupu. Ndiyo, malezi yanaonekana kwenye mistari. Nimekaa studio na vijana wanaoandika kwa miaka mingi, na sijawahi kukutana na rapa ambaye nyumba aliyokulia haisikiki ndani ya kazi yake, hata anapojitahidi kuificha. Ila wenzako wanaitafuta mahali pasipo pake. Wanadhani malezi humpa rapa mkasa: njaa, polisi, baba aliyeondoka. Mimi naamini malezi humpa rapa sikio. Namna watu wa kwenu walivyokuwa wakisema na kunyamaza, wakitaniana, wakidaiana, wakiombana radhi. Sauti zilizokuamsha asubuhi. Maneno yaliyokuwa marufuku mezani. Mkasa unaweza kuisha kwenye albamu ya kwanza. Sikio utakuwa nalo mpaka unazeeka.

Tazama hata hip-hop yenyewe ilivyozaliwa. DJ Kool Herc alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx, New York, mwaka 1967 akiwa na miaka 12. Alikuwa amekulia mahali ambapo watu hufunga maspika makubwa barabarani na mtu hushika kipaza sauti akaongea juu ya muziki kuchangamsha umati. Tarehe 11 Agosti 1973, yeye na dada yake walipofanya ile dansi yao inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hip-hop kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue, alichofanya kilikuwa kitu alichokibeba kutoka utotoni. Muziki huu mzima una chimbuko la mtoto aliyekumbuka sauti za kwao.

Sasa tuje kwa yule ambaye sura yake tuliichora kwenye kuta za vinyozi na nyuma ya daladala kuanzia Dar hadi Kigoma: rapa wa Marekani, Tupac Shakur. Wenzako watakuambia, "Si unaona, yule alisota." Kweli alisota. Mama yake, Afeni, alikuwa mwanaharakati wa Black Panther, chama cha kupigania haki za Weusi Marekani, alishtakiwa pamoja na wenzake 20, akajitetea mwenyewe mahakamani akiwa mjamzito, wakaachiwa huru Mei 1971, na mwezi uliofuata akamzaa Tupac. Baadaye mama huyo alizama kwenye dawa za kulevya, na familia ilihamahama kwa umaskini. Yote hayo yamo kwenye nyimbo. Lakini mama huyohuyo alikuwa akimwadhibu mwanawe kwa kumsomesha gazeti la New York Times. Na kijana huyo alisoma kwenye shule ya sanaa ya Baltimore, akajifunza uigizaji, ushairi na hata kucheza baleti. Unaposikia anavyopanga hoja zake kama mtu aliye mbele ya hakimu, halafu anageuka ghafla na kulia, usiseme ni mtaa peke yake uliomfundisha. Kuna kesi ndani yake, kuna gazeti, kuna jukwaa la maigizo. Mwaka 1995 alipomwimbia mama yake, alitaja uraibu wa mama waziwazi na kumshukuru katika pumzi moja. Kuvishika vitu viwili hivyo bila kimoja kukiangusha kingine kunahitaji zaidi ya maumivu. Kunahitaji mtu aliyefundishwa kutumia maneno.

Rapa Nas naye alikulia Queensbridge, mradi mkubwa wa nyumba za serikali huko New York. Maelfu ya vijana walichungulia madirisha yaleyale, wakaona ngazi zilezile na polisi walewale. Aliyetoa albamu ya Illmatic mwaka 1994, akiwa na miaka 20, ni mmoja, na huyo mmoja baba yake ni Olu Dara, mwanamuziki wa jazi kutoka Mississippi. Mzee huyo mwenyewe anasikika akipuliza ala yake ndani ya albamu hiyo. Shida ya Queensbridge ilikuwa ya wote. Sikio la jazi lilikuwa la nyumba ile.

Basi hiyo ndiyo nusu waliyoisahau wenzako. Dhiki haiandiki. Ingekuwa inaandika, kila mtaa wenye shida ungekuwa na washairi hadi kwenye paa.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba mtaa mgumu hauna lolote la kutoa. Unatoa haraka ya kusema, na unatoa watu wa kuwaambia. Nenda Dandora, Nairobi, karibu na lile jalala kubwa la jiji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoka huko vijana watatu, Kalamashaka, wakati redio za Nairobi zilikuwa bado zinaona rapu ya maana ni ya Kiingereza. Wao walichana kwa Kiswahili na Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi, kwa sababu ndiyo lugha ya uani kwao. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Mtu anapoandika huwa kuna mtu mmoja kichwani anayemwambia, na wao waliyekuwa wakimwambia alikaa Dandora. Huku kwetu mambo yalienda hivyohivyo lakini kwa njia ya kuzunguka. Wengi wa waliotangulia kurapu Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa ni vijana ambao nyumbani kwao kulikuwa na ndugu wa kuleta kanda kutoka nje, na wengi waliiga Kiingereza cha kwenye kanda hizo. Kisha Kiswahili kikashika usukani, rapa Mr. II kutoka Mbeya akaongea hali ya kijana wa kawaida kwa maneno ya kawaida, na nchi nzima ikaelewa. Kwa hiyo, mdogo wangu, historia yetu yenyewe ya rapu ilianza na kina "mtoto wa kishua". Wakikusema tena, waambie hilo.

Anayekuhusu wewe zaidi ni rapa Kendrick Lamar. Amezaliwa Compton, California, mwaka 1987, wazazi wake wakiwa wametoka Chicago miaka mitatu kabla. Mtaa wake ulikuwa na kila kitu ambacho wenzako wanakiita hip-hop. Ila yeye ndani ya mtaa huo alikuwa mtoto aliyelelewa na baba na mama nyumba moja, mkimya, mwenye kigugumizi utotoni, mwanafunzi mzuri. Angeweza kuandika kama jambazi, na watu wangemwamini kwa sababu ya anwani yake. Badala yake, mwaka 2012, alitoa albamu nzima kuhusu mtoto mwema anayejaribu kupita kwenye mji mbaya, na katikati ya nyimbo aliweka sauti za wazazi wake wakiacha ujumbe kwenye simu. Mama anataka gari lake lirudishwe. Baba anaulizia domino zake.

Kaa na hilo kidogo. Nje kuna risasi, mwandishi anajua, nasi tunajua. Lakini kinachotubana kifua ni mama anayedai gari lake, kwa sababu tunasikia kabisa kwamba hajui mwanawe yuko wapi wala na nani. Sauti ya nyumbani ndiyo inayotupimia ukubwa wa hatari. Bila domino za yule mzee, risasi zile zingekuwa kelele tu. Hapo ndipo malezi mema yalipofanya kazi ambayo dhiki peke yake isingeweza: yalimpa mahali pa kusimama na kuona.

Nikupe mfano wa karibu, niliouona kwa macho yangu. Alikuja studio kijana mmoja kutoka Tanga, ana sauti nzuri na pumzi ndefu. Vesi yake ya kwanza ilikuwa hivi:

Usiku risasi zinalia, damu mtaani inamwagika,
Wana wote wameumia, moyo wangu umevunjika.

Nikamuuliza umewahi kusikia risasi? Akasema kwenye sherehe za kitaifa. Hatukucheka. Nikamwambia funga macho, rudi kwenu, ni usiku, nini kinasikika? Akanyamaza kitambo, akasema, "Cherehani." Mama yake ni fundi nguo, na mwezi wa Ramadhani hakuna anayelala nyumba ile. Nikamwambia nani anadaiwa? Akaanza kucheka mwenyewe, akataja wateja kwa majina. Nikamwambia majina acha, andika. Saa moja baadaye alinisomea hii:

Cherehani inakanyagwa mpaka usiku wa manane,
Nguo za Iddi watu kumi na tano, waliolipa wanane.
"Kesho nakuletea, dada." Kesho hiyo haijui kalenda,
Mama anang'ata uzi, mguu kwenye pedeli unakwenda.

Amenipa ruhusa ya kuitumia, na naitumia kila ninapofundisha, kwa sababu ya kitu ambacho wengi hawakioni mara moja. Usitazame habari peke yake, tazama vina. Vesi ya kwanza imefungwa kwa "inamwagika" na "umevunjika". Kwenye Kiswahili kina hicho ni cha bure. Vitenzi vyetu vinaishia kwa namna zilezile, -ika, -iwa, -iana, -isha, na karibu kila neno linaishia kwa irabu, kwa hiyo mtu anaweza kupanga vina mpaka kesho bila kufikiri. Msikilizaji anakijua kina kabla hujafika. Lakini "manane" na "wanane", "kalenda" na "unakwenda", hivyo havitoki kwenye sarufi, vimetoka nyumbani kwao. Idadi ya wadaiwa ndiyo iliyomletea kina, na idadi hiyo anaijua yeye tu. Kitu ulichokulia nacho kina jina lake, na jina hilo lina sauti yake, na sauti hiyo itagongana na neno ambalo hukulitarajia. Ndiyo maana nasema malezi hayaishii kwenye mada. Yanaingia hadi kwenye silabi ya mwisho.

Yanaingia hata kwenye mapigo. Yule kijana alipoenda kurekodi alikuwa akivuta maneno nusu hatua nyuma ya biti, yaani mdundo, kisha anayakimbiza yote mwishoni. Prodyuza alitaka kumrekebisha. Nikamwambia mwache, huyo anafuata pedeli. Mtu aliyekulia madrasa anakata pumzi tofauti na aliyekulia kwaya. Wewe uliyesoma shule za msingi za Tanzania una mchakamchaka kwenye miguu yako, yule kiongozi anatoa na ninyi mnaitikia huku mkikimbia alfajiri. Na una ngonjera, watoto wawili jukwaani wanajibizana kwa mizani mbele ya mgeni rasmi. Kule Arusha kundi la X Plastaz lilikuwa likiweka sauti ya mwimbaji wa Kimasai juu ya biti za hip-hop, na watu wa Ulaya walishangaa kama vile ni uvumbuzi wa maabara. Walikuwa wametumia tu walichonacho.

Na lafudhi yako iache ilivyo. Nimechoka kusikia watoto wa Tabora na Musoma wanaochana kwa lafudhi ya Sinza, Dar.

Sasa kuhusu kuazima maisha. Utajaribiwa, na jaribu hili limewashinda hata wakubwa. Rapa The Notorious B.I.G. alipokuwa akisimulia utoto wa njaa, mama yake, Voletta Wallace, mwalimu aliyehamia Brooklyn kutoka Jamaika, hakupendezwa, na alisema hadharani kwamba mwanawe hakukua hivyo. Wimbo haukufa kwa sababu hiyo, alikuwa fundi mno. Lakini mwanamke aliyefanya kazi usiku na mchana ili mtoto ale alifutwa na mstari mmoja. Mimi hilo linaniuma kila nikilikumbuka, labda kwa sababu na mimi mama yangu alikuwa wa namna hiyo.

Kuazima sauti, hata hivyo, ni jambo jingine kabisa. Professor Jay mwaka 2001 aliimba akiwa amevaa sauti ya mgombea anayemwaga ahadi na wananchi wanaitikia, na hakuna aliyesema "mbona wewe si mwanasiasa". (Alikuja kuwa mbunge wa Mikumi kweli, 2015, lakini hiyo ni habari nyingine.) Tofauti iko wapi? Yeye alituonyesha kwamba amevaa joho la mtu. Ukiandika kwa sauti ya mgonjwa, ya mwizi, ya mwanafunzi aliyefukuzwa, tuonyeshe mlango ulioingilia. Ukisema "mimi" na mimi huyo ni wa uongo, wasikilizaji wa kwenu Tabora watakuwa wa kwanza kujua.

Nimefika kwako. Umeandika "kota za shule" kama mtu anayetaja kitu kidogo cha kuonea aibu. Mimi niliposoma neno hilo nilisimama hapo. Mtoto wa kota anakulia kwenye nyumba ambayo si yao. Anajua kuanzia utotoni kwamba barua moja ya uhamisho inatosha kufuta marafiki, mti wa mwembe alioupanda, alama za urefu wake ukutani. Baba akistaafu, mnatoka. Je, mzee wako ana kiwanja? Mmeanza kujenga, au tofali limekaa pale tangu 2015 linaota majani? Nyumbani kwenu watu huongea juu ya jambo hilo, au ndilo lile linalozimwa mkiingia sebuleni? Hao wanaokuita wa kishua wengi wao wana nyumba ya babu isiyohamishika. Wewe huna. Hiyo ni vesi ya kwanza na hujaigusa.

Halafu kuna sauti. Kengele ya shule, kama ni ile rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, inalia vipi ikipigwa na mwanafunzi aliyechelewa, na inalia vipi siku ya mwisho wa mtihani? Kalamu nyekundu ya baba ikikwaruza daftari za watu usiku. Mama akirudi zamu ya usiku, huwa anaanza na nini, viatu au maji ya kunawa? Siku ambayo mtu amefia mikononi mwake mnajuaje, ikiwa hasemi? Wewe unajua. Najua unajua, kwa sababu watoto wa wauguzi wote wanajua. Kuna namna anavyokaa. Andika namna hiyo, usiandike neno "huzuni" popote.

Na kuna kuwa "mtoto wa ticha" darasani, ambapo ukifaulu ni kwa sababu umeonyeshwa mtihani na ukifeli ni aibu ya familia. Kanye West, ambaye mama yake alikuwa profesa wa Kiingereza Chicago, alijenga albamu yake ya kwanza ya 2004 juu ya kuacha chuo. Hakuigiza jambazi. Alichukua kitu kilekile ambacho nyumba yao ilikiabudu, elimu, akagombana nacho kwa sauti. Sikuambii ugombane na baba yako. Nakuambia kwamba kwenye nyumba yenye amani bado kuna mizani, na wewe umekuwa ukipimwa juu yake tangu uanze kuhesabu.

Kuna kikwazo kimoja cha kweli kwenye malezi mema, na hiki wenzako hawajakitaja kwa sababu hawakijui. Ni adabu. Umefundishwa kutodakia maneno ya wakubwa, kutotoa siri za ndani, kutomtaja mtu. Na kwa kuwa wewe ni binti, umefundishwa mara mbili. Matokeo yake, nimeyaona kwa wasichana wengi wenye vipaji, ni mistari iliyojaa "jamii", "vijana", "maisha", "ndoto". Hakuna mtu ndani. Ni salamu za mgeni rasmi. Adabu hiyo usiitupe, lakini kumbuka kwamba mama zetu walioishi ndani yake waligundua njia ya kusema. Mwanamke anayenunua kanga anasoma kwanza maandishi yake, kisha anaivaa na kupita mbele ya mlango wa mtu fulani bila kufungua mdomo. Ile ni panchi, mstari wa kumpiga mtu. Imekamilika, ina mlengwa, haina jina, na aliyelengwa usiku halali. Fumbo ni silaha yetu, na wewe umekulia nalo ndani ya sanduku la mama yako.

Mpaka mmoja nakuomba uuheshimu. Wagonjwa wa mama si wako. Ukisikia habari ya mtu aliyelazwa, haijalishi ina uzito gani, hiyo haiingii kwenye wimbo kwa namna ambayo jirani anaweza kumtambua. Hapo kazi ya mama yako inakuwa hatarini, na heshima ya mgonjwa pia. Uchovu wa mama, mikono yake, ukimya wake, hivyo ni vya nyumbani kwenu, na hata hivyo mwombe.

Kwa hiyo wiki hii usitafute biti. Kaa kwenye kota siku tatu na daftari, uandike vitu tu, majina ya vitu, bila vina: sufuria, rimu, faili la uhamisho, sare iliyoanikwa. Siku ya nne chagua kitu kimoja, ukiandikie mistari minane, na kusiwe na kitenzi cha -ika mwishoni hata kimoja. Ukimaliza, isome kwa sauti sebuleni, baba na mama wakiwa wamekaa. Utafika mahali ambapo utatamani kuruka mstari mmoja kwa sababu wao wapo. Uuwekee alama mstari huo, kisha nitumie vesi yote, nami nitaanza kusoma hapo.